Peni ya tundu imebadilika rangi? Weka ndimu chini kwanza

Wiki iliyopita kijana mmoja wa hapa Mkomani, Lamu, alinitumia picha ya peni ya tundu, ile senti kumi ya zamani, waliipata wakati wa kubomoa plasta ya chokaa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za nyumba ya bibi yake, upande mmoja ni kahawia safi na upande wa pili una duara la buluu limezunguka tundu, alafu chini yake madoa ya kijani mepesi kama unga. Akaniuliza maswali mawili kwa pamoja, ni ya bei? na niisugue na nini ing'ae? Nikamjibu la pili kwanza, usisugue na kitu chochote, iweke juu ya karatasi nyeupe unisubiri. Swali hili naulizwa na watu wa Lamu, wa Malindi, hata jamaa wa Faza, kwa hivo acha niandike yote mahali pamoja.

Manake hili kosa mimi nishalifanya. Nilikuwa na peni ya 1936 iliyoandikwa jina la EDWARDVS VIII, yule mfalme wa Uingereza aliyeshika ufalme Januari ya mwaka ule na kufika Disemba ashauacha, pesa za jina lake ni chache mno duniani lakini hizi zetu za Afrika Mashariki, senti tano na senti kumi, zilitoka, kwa sababu zina tundu katikati na hazikuhitaji sura ya mfalme, jina peke yake lilitosha. Si adimu sana ile peni, lakini yangu ilikuwa nzima, pembe za ndovu zinazozunguka tundu zinaonekana mpaka nchani, na rangi yake kama kahawa tungu. Nikaitia ukwaju na chumvi vile tunavyosugua masinia na madele nyumbani, dakika kumi tu, ikatoka ya waridi kama sufuria mpya. Mnunuzi aliyetoka Mombasa akaishika ukingoni, akaigeuza mara moja, akairudisha mezani. Rangi ile ilijijenga miaka zaidi ya 60 na mimi niliiondoa kabla chai haijapoa, mpaka leo nikiitazama naumia.

Sa elewa kinachotokea. Peni hizi ni shaba iliyochanganywa na bati na zinki kidogo. Ikitoka kiwandani inawaka nyekundu, hewa ikiigusa juu yake panajengeka utandu mwembamba wa oksidi, kwanza unakuwa mwekundu-kahawia, unaendelea mpaka kahawia nzito, na ule utandu ndo unaoilinda shaba ya chini isiliwe haraka. Yaani kahawia si uchafu! Ndimu, ukwaju, siki, soda, dawa ya meno, jivu, dawa ya kung'arishia shaba ya dukani, vyote hivo vinaondoa utandu au vinakwaruza, na baadhi vinakula na shaba yenyewe kidogo, alafu shaba iliyobaki uchi kwenye upepo wa bahari inarudi kuchafuka vibaya kuliko mwanzo, mabakamabaka. Dele la kahawa lisugue, kazi yake ni kupendeza mbele ya wageni, peni iache.

Kwa hivo hatua ya kwanza ni kuangalia tu. Osha mikono uikaushe, manake jasho la vidole lina chumvi na mafuta na baada ya miezi alama ya kidole inatokea juu ya shaba na haitoki tena. Shika ukingoni, chini tandika kitambaa ili ikianguka isigonge sakafu. Kaa karibu na dirisha asubuhi, usitumie fleshi ya simu, piga picha pande zote mbili na ukingo pia, alafu iinamishe kidogokidogo huku unatazama, ukipata lensi ile ya mafundi saa ya kukuza mara 10 ni vizuri zaidi. Picha hizo ziweke, ndo ushahidi wako baadaye kama doa linakua au limesimama.

Alafu leta sumaku. Peni za Afrika Mashariki hazishikwi na sumaku. Ikishika, hiyo si shaba, ni chuma kilichopakwa, kama peni ndogo za Uingereza zinazotengenezwa tangu 1992, au senti ya Marekani ya 1943 ambayo ilikuwa chuma kilichopakwa zinki kwa sababu shaba ilihitajika vitani. Hapo ukiona wekundu ni kutu ya kawaida ya chuma na mengi ninayosema hapa chini hayaihusu. Kama ni yetu, tafuta mwaka na zile herufi ndogo, H ni kiwanda cha Heaton cha Birmingham, KN ni King's Norton, SA ni Afrika Kusini, I ni India, ziandike pembeni.

Haya, rangi zenyewe.

Kahawia ya aina yoyote, hata kama upande mmoja umekoza kuliko mwingine, iache. Mara nyingi upande uliokoza ndo uliolala juu ya mbao au kitambaa. Ukiona kama mwezi mchanga wa rangi nyepesi ukingoni, sarafu nyingine ilikuwa imeilalia miaka mingi, pale ilipofunikwa hewa haikufika. Na duara jeusi au la buluu kuzunguka tundu ni jambo nililoliona mara nyingi kwenye peni za Lamu, watu walikuwa wakizitunga kwenye uzi, uzi unashika jasho na mafuta na unyevu, shaba iliyo karibu nao inabadilika tofauti na nyingine. Kwangu mimi duara lile ni zuri, linaonyesha peni imepita mikononi mwa watu wa hapa, na peni ya yule kijana ndo ilivyo.

Nyekundu inataka macho makini, manake iko nyekundu ya asili na iko nyekundu ya kuoshwa. Wakusanyaji wa ng'ambo wanazigawa sarafu za shaba makundi matatu, kahawia, nyekundu-kahawia na nyekundu, wanaziandikia BN, RB na RD, na ile nyekundu kamili ndo ghali manake ni nadra shaba kukaa miaka mingi bila kubadilika. Hapo ndo tamaa ya kuosha inapoingia. Lakini iinamishe kwenye mwanga, sarafu ya asili ina mwanga unaozunguka kama spoki za gurudumu la baiskeli, unakwenda ukiigeuza. Iliyooshwa ina waridi bubu, mwanga umelala tu, na kwenye lensi utaona mikwaruzo myembamba inayoelekea upande mmoja.

Nyeusi kwa kawaida ni salfa. Inatoka kwenye moshi wa jikoni na wa jenereta, na inatoka kwenye raba bendi pia, watu wanafunga sarafu kumi kwa raba bendi wanaziweka droo, miaka mitano baadaye kila moja ina mstari mweusi tumboni. Ikiwa nyeusi imelala sawasawa na haibanduki, haina madhara. Hapa niongeze kitu ambacho wengi hawakijui, peni kubwa za Uingereza za 1944 mpaka 1946 zilitiwa weusi na kiwanda chenyewe kabla hazijatoka, ili watu wasizifiche kwa sababu zinang'aa. Peni hizo zimefika pwani na mabaharia na askari, nishaziona kwenye makasha ya watu, na ukiisugua moja ili "irudi mpya" utakuwa umeondoa kilichowekwa na kiwanda.

Rangi za upinde wa mvua, zambarau, buluu, dhahabu, kijani kinachometa, hizi ndo zinazoleta kelele. Si rangi ya kupaka, ni utandu uleule lakini mwembamba sana, mwanga unarudi kutoka juu ya utandu na kutoka chini yake kwa wakati mmoja, rangi unayoiona inategemea unene, kama mafuta ya boti yanavyofanya rangi juu ya maji pale gatini. Ikiwa imekuja yenyewe huwa inapanda taratibu kutoka ukingoni kwenda katikati, rangi moja inaingia kwenye nyingine bila mpaka. Ikiwa mtu ameichoma kwa moto au kuitia dawa, rangi zinakuwa kali mno, zimetuama kama matone, na kipimo ninachokiamini mimi ni mikwaruzo, tafuta mkwaruzo wa zamani utazame ndani yake, kama rangi imepita juu ya mkwaruzo bila kubadilika basi rangi ilikuja nyuma ya mkwaruzo, yaani sarafu ilichakaa kwanza alafu ikapendezeshwa. Hiyo haithibitishi moja kwa moja lakini muulize anayekuuzia maswali mengine zaidi, usilipe kwa sababu inapendeza kwenye picha.

Rangi ya fedha kwenye peni ya shaba, tahadhari. Inaweza kuwa mtu aliipaka zinki kwenye maabara ya shule, inaweza kuwa risasi ya kulehemu, na mbaya zaidi zebaki, watu wa zamani walikuwa wakizisugua sarafu kwa zebaki zing'ae. Usiisugue, usiipashe moto, usimpe mtoto. Na kinyume chake, ile sumuni, yaani senti hamsini, ya kabla ya 1948 ikianza kuonyesha wekundu au njano kwenye shavu la mfalme si ugonjwa, fedha ndani yake ni robo tu na nyingi ya iliyobaki ni shaba, uso wa juu ukichakaa shaba inachungulia.

Sasa kijani, na hapa tukae kidogo, manake hii ndo rangi pekee inayotaka haraka na ndo inayosumbua zaidi watu wa pwani.

Kuna kijani cha aina tatu. Cha kwanza ni kigumu, kimeshikana, laini kama kimepakwa, huwa kwenye sarafu zilizozikwa muda mrefu. Kiguse kwa kijiti cha meno au mwiba wa mndimu, hakitoki. Hicho kimetulia, kiache, ni sehemu ya sarafu. Cha pili ni ute, kijani kinachoteleza kama kamasi, kimetandaa upande mzima, hicho kinatoka kwenye plastiki laini ya PVC, zile albamu za mifuko laini inayonuka kama kitambaa cha meza cha nailoni kipya, plastiki ikizeeka inatoa asidi na mafuta yake. Cha tatu ni unga, kijani cheupe-cheupe, karibu na rangi ya mrututu, kimekaa madoa madoa ndani ya vishimo, ukikigusa na mwiba kinamomonyoka na chini yake unakuta shimo. Huo ndo ugonjwa wenyewe wa shaba.

Ugonjwa huu unaletwa na chumvi. Kloridi ya bahari inaingia ndani ya shaba, inakaa kimya muda mrefu, siku ikipata unyevu na hewa inageuka kuwa unga wa kijani na asidi, ile asidi inakula shaba nyingine inatengeneza kloridi mpya, kloridi mpya inangoja unyevu tena, mzunguko hausimami wenyewe mpaka sarafu imebaki kama kokwa iliyobunguliwa. Ndo maana peni iliyokaa salama ndani ya ukuta mkavu ikitolewa mwezi wa nne au wa tano wakati wa masika inaanza kutoa unga baada ya wiki mbili tu na mwenyewe anashangaa, jana ilikuwa nzima! Haikuwa nzima, ilikuwa inangoja.

Kujua kama ugonjwa uko hai, iweke juu ya karatasi nyeupe ndani ya chupa ya glasi yenye kifuniko, iache siku kumi. Ukikuta vumbi la kijani limeanguka kwenye karatasi au doa limekua ukilinganisha na picha yako, uko hai.

Matibabu ya nyumbani yapo na yanasaidia, lakini usitegemee kwamba ugonjwa utaondoka wote. Kwanza itenge na wenzake, si kwamba inaambukiza kama homa lakini ule unga una kloridi na ukiangukia sarafu nyingine unaichafua. Chini ya lensi, kwa mwiba au kijiti, chokoa unga wa kijani tu, polepole, usitumie sindano wala wembe manake chuma ni kigumu kuliko shaba. Alafu itumbukize kwenye maji safi yasiyo na chumvi. Maji ya bomba hapana, ya kisima ndo kabisa hapana, Lamu tunajua visima vyetu vinaelekea wapi siku hizi. Nunua maji ya kujazia betri pale petroli stesheni au duka la spea, yale yaliyochujwa chumvi, na soma chupa mara mbili manake asidi ya betri huuzwa rafu hiyohiyo na chupa zinafanana, ukikosea hapo umepoteza sarafu na unaweza kupoteza jicho. Badilisha maji kila siku wiki ya kwanza, baadaye mara moja kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Chumvi inatoka taratibu sana, usiharakishe kwa kuchemsha.

Ikitoka majini igusishe kitambaa cha pamba bila kusugua, alafu ipitishe kwenye asetoni safi dakika chache, asetoni inachukua maji yaliyojificha kwenye vishimo na inakauka yenyewe. Asetoni hiyohiyo ndo dawa ya ule ute wa PVC, loweka, mwaga, loweka tena kwenye mpya, haiidhuru shaba wala haibadilishi rangi yake. Iombe kwa kemisti au hadwea iliyo safi kabisa, ile ya kutolea rangi ya kucha ina manukato na rangi na maji, haifai. Tumia chupa ya glasi, kikombe cha plastiki kitayeyuka. Fungua madirisha, na jiko lisiwe linawaka, wala sigara, wala ubani kwenye chetezo, mvuke wake unashika moto kutoka mbali. Usifanye kazi hii karibu na watoto.

Na mafuta? Kila mtu ananiuliza mafuta ya nazi. Hapana jamani. Mafuta ya kupikia yana asidi zake, shaba ikikaa nayo inatoa kijani, wewe mwenyewe ushaona sinia lililoachwa na mafuta usiku kucha. Zeituni vilevile, inalainisha uchafu lakini inatia giza na inachukua miezi.

Ukoko mweupe mgumu, hasa kwenye sarafu za ndani ya kuta na za kwenye mabirika ya maji yaliyojengwa, ni chokaa. Asidi inautoa, kweli, lakini inaondoka na ngozi ya shaba. Mimi siutoi, uzuri wa peni iliyotoka kwenye ukuta wa matumbawe ni pamoja na ule ukoko.

Sa kuhifadhi, manake kazi yote hiyo ni bure kama unairudisha kwenye bati la biskuti juu ya kabati linalotazama bahari. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 40 ugonjwa hulala, na hewa yetu haifiki huko mwaka mzima, hata kaskazi ikivuma. Kwa hivo tengeneza hewa yako mwenyewe. Chukua chupa ya glasi yenye kifuniko kinachobana, tia vile vifuko vya silika jeli vinavyokuja na viatu na simu, vingi, si kimoja, kila sarafu kwenye kibahasha chake cha karatasi isiyo na asidi au plastiki ngumu, si ile laini. Vile vifuko vikishiba unyevu havifanyi kazi tena, badilisha kila baada ya miezi mitatu na mapema zaidi masika ikianza. Mkoba wa ngozi usitumie, ngozi ina asidi. Kasha la mbao lina harufu nzuri na historia yake lakini mbao nazo zinatoa mvuke wenye asidi, weka chupa ndani ya kasha ukitaka, si sarafu yenyewe wazi.

Kitu cha mwisho ni kwa wale wanaokota, si wanaorithi. Kama unachookota ni pesa ya kabla ya peni, mfano ile ya Mombasa ya 1888 yenye mizani, au pesa ya Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, ya mwaka 1299 wa Hijria, au kitu cha kale zaidi, kumbuka sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa kitu cha kale, na kilichofukuliwa ardhini kinatakiwa kitolewe taarifa. Nenda pale Makumbusho ya Lamu au ya Malindi uwaonyeshe, na usioshe kabla ya kwenda. Mnakumbuka ile sarafu ya Kichina ya mfalme Yongle iliyopatikana Manda, hapa ng'ambo yetu, mwaka 2013? Shaba na fedha, tundu la mraba, ya kati ya 1403 na 1425. Umuhimu wake ulikuwa mahali ilipolala, ingekuwa mtu ameiokota akaisugua na ndimu akaiuza bila kusema ameitoa wapi, ingebaki kuwa sarafu moja ya Kichina tu.

Yule kijana wa Mkomani nimemwambia hivihivi. Duara la buluu libaki. Unga wa kijani tumeuchokoa pamoja Ijumaa baada ya swala, vidoa vitatu, kimoja kina shimo tayari, sai peni iko kwenye maji siku ya nne na maji tunabadilisha kila alfajiri. Bei yake si kubwa, ni ya 1942 na zilitoka nyingi. Kibahasha chake tushakiandika: kidaka cha pili kutoka mlangoni, nyumba ya bibi, na tarehe.